Meza Uliyoiacha Iko na Mwenyewe

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kunikaribisha hapa Buruburu, na asanteni kwa kukubali kukaa kwa hivi viti vya plastiki Jumamosi mchana wakati wengine wenu mna nguo za kufua na watoto wa kutoa tuisheni. Nimeombwa niongee kuhusu kuhama kitengo kazini. Si kuacha kazi, ni ile unatolewa meza hii unapelekwa meza ile ndani ya kampuni hiyo hiyo, halafu wale uliowaacha wanaendelea kukupigia kama bado uko nao. Kampuni yangu sitaitaja, watu pia sitawataja, lakini yaliyonipata nitawaambia vile yalivyokuwa.

Mimi nilikaa kitengo cha mishahara miaka tisa. Makato yote ya watu mia tatu na kitu yalipita kwa mikono yangu, nikajua nani ana mkopo wa sacco, nani anakatwa HELB, ule mkopo wa masomo wa serikali, nani korti imeagiza akatwe pesa za mtoto. Agosti 2024 nikapewa transfa kwenda manunuzi, wakaniongeza mshahara kidogo, nikafurahi sana, nikapiga simu nyumbani mama akaomba kwa simu. Kutoka meza ya zamani hadi meza mpya ni kushuka ghorofa moja tu. Na naona shida yote ilianzia hapo kwenye zile ngazi, kwa sababu ukiacha kazi ukaenda kampuni ingine huko Mombasa Road watu wanakununulia keki, unarudisha kadi na funguo, na kesho yake hata soja wa geti anakuuliza umekuja kuona nani. Ukihama ndani hakuna keki. Hakuna mtu anakuambia kwaheri. Jumatatu mnakutana kwa foleni ya chai ya saa nne na mtu anakuambia, dada, kuna kaswali kadogo tu.

Hako kaswali nilikajibu. Na kengine. Wiki ya kwanza yalikuwa mawili matatu, mwezi wa kwanza ukiisha nilikuwa nafanya kazi mbili na kulipwa moja, na ninyi mnaofanya hesabu mnajua PAYE, ile kodi ya mshahara, inatakiwa iwe imefika KRA, wale wa kodi, ikifika tarehe 9, kwa hivyo kuanzia tarehe 6 simu yangu ilikuwa hailali. Halafu Oktoba 2024 ikaja SHIF, makato mapya ya bima ya afya, kuchukua nafasi ya NHIF. Zamani NHIF ilikuwa na jedwali, unaangalia mshahara uko safu gani, unaandika, na kiasi cha juu kabisa ilikuwa 1,700. SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, haina kiwango cha juu, kwa hivyo ile karatasi yangu ya Excel niliyowaachia ikawa haina maana kwa usiku mmoja. Wakanipigia. Nikapanda ngazi saa kumi na moja jioni nikakaa hadi saa tatu usiku nikiwatengenezea, na sikuwa nimeulizwa na bosi yeyote, wala bosi wangu mpya hakujua niko wapi.

Nataka mnielewe, mimi sikuona hiyo kama mzigo wakati huo. Niliona ni utu. Hawa ni watu tumekula nao chapo madondo kwa kibanda kimoja miaka tisa, wengine walikuja hadi kijijini kuzika baba yangu, sasa nitawaambiaje sijui hesabu? Na wacha niseme ukweli wote, kuna utamu ndani ya kuhitajika. Ukiwa mgeni kwa meza mpya, hujui hata mahali fomu zinawekwa, mtu akikupigia kukuuliza kitu unachokijua vizuri unajisikia mtu tena. Nilikuwa nakimbilia huko juu kwa sababu huku chini nilikuwa bado najikwaa.

Sasa ikafika Januari 2025. Niko kwa matatu ya Donholm, jioni, tumekwama Jogoo Road pale City Stadium, simu inalia. Ni mmoja wa wale wa juu, wako kwa mishahara ya mwezi, ananiuliza ile rilifu, yaani nafuu ya kodi, ya housing levy, yale makato ya nyumba, wanafanya aje. Nikamjibu na kelele za redio masikioni, asilimia 15, kama kawaida. Nikakata. Nikajisikia nimesaidia.

Haikuwa kama kawaida. Sheria ya kodi ilikuwa imebadilishwa na mabadiliko yakaanza kufanya kazi tarehe 27 Desemba 2024. Ile rilifu ya asilimia 15 iliondolewa, badala yake pesa yote ya housing levy inatolewa kwa mshahara kwanza kabla hujapiga kodi. Nipige hesabu mbele yenu ndio muone. Mtu wa 60,000 anakatwa asilimia 1.5, hiyo ni 900. Kwa njia ya zamani anapata nafuu ya 135. Kwa njia mpya hiyo 900 haitozwi kodi kabisa, na kwa kuwa yeye yuko kwa ile safu ya asilimia 30, nafuu yake ni 270. Kwa hivyo kila mtu wa 60,000 alikatwa shilingi 135 zaidi ya inavyotakiwa kwa sababu mimi nilijibu simu kwa matatu. Mtasema 135 ni nini. Zidisha na watu wote wale, halafu ufikirie fundi wa mashine amesimama mbele ya dirisha la mishahara na peislipu mkononi akiuliza, na hakuna mtu ndani anayeweza kumweleza hiyo hesabu ilitoka wapi, kwa sababu ilitoka kwa mtu wa manunuzi.

Hapo ndio nilianza kuelewa kitu. Niliyoyajua yalikuwa ya Agosti. Mimi sikuwa nasoma tena matangazo ya KRA, sikuwa naenda semina, nilikuwa najibu kutoka kwa kumbukumbu, na watu walikuwa wanaamini kumbukumbu yangu kuliko macho yao.

Lakini bado sijafika kwa kile kilichoniuma zaidi, na hiki ndicho nilikuja kusema leo hata kama mtasahau hayo mengine.

Kulikuwa na msichana aliyechukua kiti changu. Mdogo, ana digrii yake na CPA yake ya uhasibu, mpole, amehamishwa kutoka tawi lingine hapo hapo Agosti. Katika ile miezi yote mimi nilimhesabu kama mtu ninayemsaidia. Sikumbuki hata mara moja nikijiuliza yeye anaona nini. Alichokuwa anaona ni hiki, meneja anataka ripoti, anapita meza yake na kunipigia mimi. Fundi ana shida na makato, anashuka ngazi kuja kwangu. Benki wana swali, wanaomba nambari yangu. Yeye anasikia jibu la kazi yake kutoka kwa mtu wa tatu, jioni, limeshapita. Na mambo yakiharibika, kama ile ya Januari, sahihi iliyo chini ni yake.

Siku moja mwezi wa pili akashuka akanipata nikihesabu kotesheni. Akasimama, akasubiri nimalize. Akaniambia, "Madam, naomba nikuulize, na tafadhali usikasirike. Mimi niliajiriwa kufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikifikiria hilo swali hadi leo. Hakuja kunigombeza, alikuwa anauliza kweli, na niliona kwamba alikuwa ameanza kuamini hawezi hiyo kazi. Hakuna mtu aliwahi kumwambia hawezi, ila kila siku kila mtu alimwonyesha, na mimi nikiwa wa kwanza, na nikiwa natabasamu. Wahenga walisema mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Wale wenzangu wa juu walizoea kunipigia, ni rahisi, sekunde thelathini. Kukaa na mtu mpya mkatafuta jibu pamoja inachukua saa nzima. Lakini ni hiyo saa nzima ndio ingemfanya awe mwenye meza, na mimi ndiye nilikuwa nainunua kwa sekunde thelathini zangu.

Ningeacha hapo hapo, lakini sikuacha. Ilibidi mkaguzi wa ndani aje mwezi wa tatu ndio niache.

Hii ya mkaguzi niseme kwa ufupi lakini mnisikize vizuri, hasa ninyi mnaofanya kazi kwa pesa, stoo, ama dawa. Kwa kampuni yoyote iliyo sawa, mtu anayesajili msambazaji na kuandika LPO, ile oda ya kununua, hawezi kuwa yule yule anayetoa malipo, kwa sababu mtu mmoja akishika pande zote mbili anaweza kutengeneza msambazaji hewa akajilipa. Mkaguzi akaprinti orodha mbili kutoka kwa sistimu, ya wanaosajili na ya wanaolipa, na jina langu liko kwa zote mbili. Hakuna mtu alikuwa amenitoa kwa sistimu ya akaunti nilipohama, na mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa naitumia kuwasaidia. Mbaya zaidi, kulikuwa na siku jina langu limeingia kwa sistimu saa nne asubuhi na mimi siku hiyo nilikuwa mazishini Machakos, ofisi nzima inajua. Nilikuwa nimewapa paswodi yangu. Kwa mdomo, kwa ngazi, ili wasinisumbue nikiwa na msiba.

Nikaandikiwa barua ya kujieleza, masaa arobaini na nane. Sikuwa nimechukua hata shilingi moja na hakuna pesa ilikuwa imepotea, lakini hizo siku mbili sikulala. Tuko na sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, na kumpa mtu paswodi bila ruhusa iko ndani kama kosa. Tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na peislipu ya mtu ni habari zake za siri, mimi wa manunuzi sina sababu ya kuona korti imemkata nani. Niliponea na onyo la maandishi. Liko kwa faili yangu.

Sasa nilifanya nini. Nilifanya kitu nilipaswa kufanya Agosti, nikaomba kukaa na bosi wangu wa zamani, bosi wangu mpya na yule msichana, watu wanne chumba kimoja. Nusu saa. Nikasema nataka kutoka kwa sistimu ya akaunti leo leo, na jioni hiyo nikatolewa. Nikasema nitaandika kila kitu kilicho kichwani mwangu ambacho hakiko kwa karatasi, na nikaandika kurasa nne. Vitu kama saa ngapi benki inafunga malipo ya siku hiyo, sacco gani inataka orodha kwa muundo gani, mzee gani wa stoo ana majina mawili tofauti kwa kitambulisho na kwa NSSF. Nikasema hadi mwisho wa Aprili nitajibu maswali Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa tisa, na mtu wa kuniuliza ni yeye peke yake, huyu aliye na meza. Meneja akiwa na swali amuulize yeye, yeye akikwama ataniuliza mimi, na jibu litarudi kupitia kwake. Tarehe 30 Aprili imeisha.

Sitaki mshike hizo siku na hayo masaa kama ndio dawa, yenu yatakuwa mengine. Kilichosaidia ni mambo mawili. Bosi mpya alijua, kwa hivyo haikuwa tena siri yangu ya jioni. Na yule msichana akawa mlango. Wiki ya kwanza aliniuliza vitu kumi na moja, nilihesabu. Wiki ya tatu viwili. Wiki ya mwisho alikuja Alhamisi saa nane akaniambia hana swali, amekuja tu kunisalimia.

Na wengine je? Wengine waliumia. Nilikuwa na sentensi moja niliyoishika, "hiyo iko na yeye sasa, muulize, akikwama atanitafuta," na mara ya kwanza niliyoisema kwa simu sauti yangu ilitetemeka. Nikaambiwa nimepanda sana siku hizi. Nikaambiwa pesa ya manunuzi imenibadilisha. Mwenzangu mmoja niliyekula naye lunch miaka sita alikaa zaidi ya mwezi bila kunisalimia, na hadi leo hatujarudi vile tulikuwa, tunasalimiana lakini si ile ya zamani. Siwezi kuwaambia kwamba haitawagharimu. Itawagharimu. Lakini ukisema mapema, wiki ya kwanza ukihama, watu hawajazoea bado na hawana cha kulilia. Mimi nilingoja miezi saba, wakaona nimewanyang'anya kitu chao.

Urafiki na kazi nilivitenganisha hivi. Kulikuwa na grupu mbili za WhatsApp, ya kazi na ya chama chetu. Ya kazi nikaaga vizuri nikatoka. Ya chama nikabaki, natoa mchango wangu kila mwisho wa mwezi, mtu akijifungua naenda kuona mtoto. Mtu akileta swali la kazi kwa grupu ya chama simjibu pale, nikikutana naye namwambia ile sentensi yangu. Upande wa pili pia upo, kwa sababu manunuzi ni mahali watu wanataka shemeji yao aandikwe kwa orodha ya wasambazaji, na rafiki wa zamani ndiye anakuja na ombi kama hilo kwa sauti ya chini. Hapo sikuwa na maneno mengi. Tenda zinatangazwa, aombe kama wengine, na mimi nitamwambia bosi kwamba namjua. Wawili waliniuliza, hawajarudi.

Kuhusu sheria, kwa wale watauliza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inasema masharti ya kazi yako yakibadilika mwajiri ashauriane nawe, na akujulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Kwa hivyo ukihamishwa omba barua, na kwa hiyo barua iandikwe umeanza lini huku na umemaliza lini kule. Wengi hawaombi, wanaogopa kuonekana wasumbufu. Kifungu cha 27 kinakupa siku moja ya kupumzika kila siku saba, na Jumapili yangu mimi ilikuwa imeliwa na maswali ya watu ambao hata si kitengo changu. Ufaransa wana sheria tangu Januari 2017 inayozitaka kampuni za watu hamsini kwenda juu zijadiliane na wafanyakazi kuhusu simu na imeli za baada ya kazi. Hapa kwetu Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alileta mswada kama huo Seneti. Lakini jameni, hata sheria ikija, haiwezi kukusaidia kama wewe mwenyewe ndiye unajibu kwa hiari ukiwa City Stadium.

Wakati wa chai ndugu mmoja alinivuta kando. Amekubali niseme bila jina. Anafanya kazi kwa hoteli, alikuwa jikoni miaka mitano, sasa amepelekwa mapokezi, na wale wa jikoni bado wanamwita ashike shifti ya usiku mtu akikosa, anavua suti anavaa aproni, halafu asubuhi anasimama mapokezi macho mekundu. Akaniambia hawezi kukataa kwa sababu yule mpishi mkuu ndiye alisimamia harambee ya bili ya hospitali ya mama yake. Nilimsikia sana, kwa sababu hiyo si kitu ya kupuuza na mtu akikwambia puuza hajui tunavyoishi hapa Nairobi. Nikamuuliza, huyo mpishi mkuu akiwa na mgonjwa utafanya nini? Akasema nitakuwa wa kwanza kutoa. Nikamwambia basi hilo ndilo deni lako, na utalilipa hivyo hivyo, lakini shifti ya jikoni ni deni la hoteli, si lako, na kila usiku ukiziba hilo pengo meneja anaona jikoni imejaa na haajiri mtu.

Akakaa kimya kidogo. Akaniuliza sasa amwambie nini yule mzee. Tukatunga pale pale na kikombe mkononi, kwamba ataenda mwenyewe, si kwa meseji, kabla shifti ya mchana haijaanza, amshukuru kwanza kwa ajili ya mama, halafu amwambie, "Mzee, mwezi huu nitashika shifti mbili zilizobaki kwa rosta, baada ya hapo naomba uniondoe, na nitaenda na wewe kwa meneja tumwambie jikoni kunahitajika mtu." Aende naye, hiyo ndiyo sehemu aliipenda, kwamba hamwachi mzee peke yake mbele ya meneja.

Ataenda Jumatatu. Nimempa nambari yangu, nikamwambia anipigie jioni aniambie imeenda aje.